Nilinunua shaba iliyochomwa, sasa wapelelezi wanauliza: sheria inataka nini kwa mwenye yadi ya skrapu?

*"Nina yadi ndogo ya skrapu Changamwe, Mombasa, mwaka wa nne sasa. Kibali cha biashara cha kaunti ninacho na nakilipia kila mwaka. Nanunua kwa kilo kutoka kwa vijana wa mikokoteni: mabati, nondo, sufuria, rejeta, betri za gari, na shaba ikipatikana. Mzigo ukijaa nauza kwa mfanyabiashara mkubwa anayepeleka kiwandani. Miezi miwili iliyopita kijana nisiyemjua alileta shaba nyekundu, imeshachomwa, kama kilo 30. Alisema ni vipande vya mjomba wake, fundi wa umeme. Nikamlipa taslimu, jina sikuandika. Nyingi nimeshauza, zimebaki kilo 10 hivi. Wiki jana wapelelezi wawili walikuja kuuliza kama nimenunua shaba. Nikasema sikumbuki. Walisema watarudi. Jirani ananiambia nisijali kwa sababu sikuiba, nilinunua kwa pesa yangu na leseni ninayo. Mwingine anasema nimtafute yule kijana aniandikie hati ya kiapo, au nichukue barua ya chifu. Je, niko hatarini? Na nifanye nini ili biashara hii iwe ya kisheria?"*

Ndugu yangu, nianze na jibu lenyewe, sababu zitafuata. Ndiyo, uko hatarini, na hatari zenyewe ni mbili, usizichanganye. Ya kwanza ni ile shaba. Ya pili ni yadi, ambayo kwa maelezo yako imekuwa ikifanya kazi bila leseni ya kitaifa. Hata kama shaba ile ingekuwa halali tupu, hilo la pili lingekungoja palepale. Yote mawili yanashughulikika. Lakini yapo mambo ambayo ukiyafanya wiki hii utajifungia milango, kwa hiyo nayataja kabla ya mengine yote.

Usiuze zile kilo 10 zilizobaki. Usiziyeyushe, usizihamishe, usimpe mtu akufichie. Usinunue daftari jipya ukaanza kujaza tarehe za nyuma. Kutunga ushahidi ni kosa la jinai linalosimama peke yake, na kurasa zilizoandikwa kwa siku moja hujulikana. Usiwape wapelelezi "kitu kidogo" ili wakuache, kwa kuwa Sheria ya Hongo ya 2016 humshika mtoaji sawa na mpokeaji. Na wakirudi, usiseme tena kwamba hukumbuki. Ibara ya 49 ya Katiba inampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza na haki ya kuzungumza na wakili. Kunyamaza ni haki. Kudanganya si haki, na uongo mdogo wa siku ya kwanza ndio ambao mwendesha mashtaka hupenda kumsomea hakimu: kama alinunua kwa nia njema, kwa nini alikana?

Sasa nije kwa jirani yako, maana anayokuambia wanayaamini wengi katika kazi hii. "Sikuiba, nilinunua." Sheria ya Kenya haikuulizi tu kama uliiba. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinazungumzia kushughulika na mali ya wizi: kuipokea, kuiweka, kuisaidia isafirishwe au iuzwe, huku ukijua ni ya wizi *au ukiwa na sababu ya kuamini hivyo*. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 14. Maneno ya kuangalia ni hayo ya mwisho. Upande wa mashtaka haulazimiki kuleta shahidi aliyekusikia ukikiri kwamba ulijua. Unaweza kuonyesha kwamba mtu wa kawaida mwenye uzoefu wako, akiletewa mzigo ule, na mtu yule, kwa namna ile, angeshuku.

Hebu tuuangalie mzigo wako kwa jicho hilo. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ule wa kawaida wa soketi za nyumbani, una shaba yenye uzito wa gramu 22 hivi kwa kila mita. Kilo 30 za shaba tupu ni zaidi ya mita 1,300 za waya huo, yaani roli 13 na ushee za mita 100 kila moja. Fundi anayefunga umeme nyumbani hubakiwa na vipande, kweli, lakini vipande vya kufika mita 1,300 ni vya majengo mangapi? Mtu aliyekaa miaka minne akipima shaba anaweza kuifanya hesabu hii kichwani. Hapo ndipo swali la "sababu ya kuamini" linapokukaba, hasa ukiongeza kwamba muuzaji hukumjua na kwamba ulimlipa bila kuandika jina.

Halafu shaba ilikuwa imechomwa. Watu wengi huchoma waya ili kutoa plastiki tu, sikatai. Lakini ile plastiki ndiyo iliyobeba maandishi: jina la kiwanda, ukubwa wa waya, wakati mwingine jina la kampuni iliyouagiza. Ikiungua, utambulisho wa mali unaungua nayo. Ndiyo maana shaba iliyochomwa humfanya mpelelezi aulize maswali mengi kuliko waya mzima wenye ganda lake. Na tukiacha kesi kando, moshi wa plastiki ile ni sumu. Una gesi ya asidi na kemikali za dioksini zinazokaa mwilini kwa miaka. Anayechoma kando ya nyumba za watu anawavutisha watoto wa jirani, na Mamlaka ya Mazingira, NEMA, ina kila sababu ya kumfuata.

Kuna kanuni nyingine ambayo mahakama zetu huitumia sana: kupatikana na mali iliyoibwa karibuni. Mahakama ya Rufaa imeeleza mara nyingi mambo yanayotakiwa kuthibitishwa: mali ipatikane kwako, itambulike kuwa ya mlalamikaji, iwe iliibwa kwake, na iwe iliibwa muda si mrefu. Yakithibitika, unatakiwa utoe maelezo yanayoingia akilini. Ukishindwa, hakimu anaweza kuchukulia kwamba wewe ni mwizi au mpokeaji. "Muda si mrefu" haupimwi kwa kalenda peke yake, bali pia kwa jinsi mali inavyopita mikononi. Shaba hupita haraka. Upande wako una hoja pia, nayo ni utambuzi: shaba tupu isiyo na alama ni vigumu kuapiwa kwamba ni ya fulani. Wakili wako ataiona hoja hiyo. Usiitegemee kama ngao, kwa sababu zipo kamera za barabarani, zipo rekodi za simu, na yupo yule kijana mwenyewe, ambaye akikamatwa atasema aliiuza wapi.

Na "nilinunua kwa pesa yangu"? Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inafuata kanuni ya zamani kwamba asiye mwenye mali hawezi kukupa umiliki asiokuwa nao. Mwenyewe akijitokeza na kuthibitisha, mali ni yake, na wewe unabaki kumdai yule uliyemlipa. Pesa yako haikuisafisha ile shaba.

Nakuja kwenye leseni. Kibali cha kaunti ni halali na uendelee kukilipia, lakini kinakuruhusu kufungua biashara mahali pale, basi. Kufanya biashara ya vyuma chakavu kunasimamiwa na sheria ya taifa, Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, iliyounda Baraza la Vyuma Chakavu chini ya wizara inayohusika na viwanda. Sheria hiyo inakataza kufanya biashara hii bila leseni ya Baraza, na anayeikiuka anakabiliwa na faini ya mamilioni ya shilingi na kifungo. Kuna wenye yadi wengi ambao wangali wanadhani karatasi ya kaunti inatosha kwa sababu kwa miaka mingi hakuna aliyekuja kuuliza nyingine. Hali hiyo ilibadilika Januari 2022. Minara ya laini ya umeme ya Kiambere kwenda Embakasi ilianguka, nchi ikaingia gizani, uchunguzi ukaelekea kwenye hujuma, na siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara yote ya vyuma chakavu nchini. Waaminifu na wezi walifungiwa siku moja. Ilipofunguliwa Mei mwaka huohuo, ilifunguliwa kwa masharti makali zaidi ya leseni na ukaguzi wa waombaji.

Naikumbusha hadithi hii kwa sababu inaonyesha sheria inaogopa nini. Kilo ya nondo iliyotoka kwenye nyumba iliyobomolewa haimtishi mtu. Kinachotisha ni nati iliyofunguliwa kwenye mnara, klipu ya reli, kizuizi cha pembeni mwa barabara kuu, kifuniko cha shimo la maji taka ambacho mtoto atatumbukia usiku. Mwizi wa vitu hivyo hana kazi navyo nyumbani. Anaiba kwa sababu anajua iko yadi itakayopima bila kuuliza. Kwa hiyo serikali imeamua kumbana mwenye mzani. Ukilielewa hilo, masharti mengine yote utayaona yana mantiki hata kama yanachosha.

Kuhusu hati ya kiapo na barua ya chifu, nakuomba uache kabisa wazo hilo kwa shaba hii. Hati ya kiapo ni maneno ya mtu aliyeapa, hakuna zaidi. Ikiandikwa leo, baada ya wapelelezi kufika, na mtu ambaye hukuwa na namba yake ya simu hadi jana, itaonekana ilivyo: jaribio la kufunika. Ukimshawishi aape uongo, mmeingia kosani nyote wawili. Chifu naye anaweza kuandika kwamba anakufahamu kuwa mkazi wa mtaa wake. Hana uwezo wa kusema shaba ile ni ya nani. Nimeona barua za namna hii zikiletwa mahakamani kwa imani kubwa, na zikawekwa pembeni kwa swali moja tu: chifu alikuwepo mali ikinunuliwa?

Basi ufanye nini na zile kilo 10? Zipo njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kutulia, kutogusa mzigo, kumtafuta wakili na kungoja wapelelezi warudi, kisha uzungumze nao kupitia wakili. Ya pili ni kutangulia: wewe na wakili mwende kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, mkabidhi shaba iliyobaki kwa orodha iliyotiwa sahihi, na mtoe maelezo ya kweli ya namna ulivyoipata, sura ya kijana, siku na saa, na uliyemuuzia nyingine. Njia ya pili inaweza kukutoa kwenye kiti cha mshukiwa ukakaa kwenye kiti cha shahidi, maana polisi wanaomtafuta mkata nyaya wanamhitaji sana mtu aliyemwona. Lakini nisikufiche: hakuna anayeweza kukuahidi hivyo. Maneno utakayoandika yanaweza kutumiwa dhidi yako, na utakapotaja yadi utakuwa umetaja pia kwamba haina leseni. Mimi naiona ya pili kuwa bora kwa mtu aliyenunua kwa uzembe bila ushirika wowote na wezi. Kama kuna zaidi ya ulivyoniandikia, kama yule kijana alishawahi kuja, au uliwahi kumwambia "ukipata nyingine niletee", mwambie wakili kabla ya kuchagua. Mazungumzo yako na wakili yanalindwa na sheria. Haya unayoniandikia mimi hayalindwi.

Wakija kabla hujampata wakili, wapokee kwa adabu. Waombe vitambulisho vya kazi na uulize kama wana kibali cha mahakama cha upekuzi. Zipo hali ambazo sheria inawaruhusu kupekua bila kibali, kwa hiyo usizuie mlango kwa nguvu, uliza na uandike majibu. Wakichukua kitu, omba orodha ya walichochukua, yenye uzito na sahihi. Wakikukamata, wana wajibu wa kukuambia sababu kwa lugha unayoielewa na kukufikisha mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiisha nje ya saa za mahakama au siku isiyo ya mahakama, ambapo ni siku ya mahakama inayofuata.

Lori linalobeba mzigo wako pia ulifikirie. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamruhusu polisi kusimamisha chombo na kukipekua akishuku kimebeba mali ya wizi, na kifungu cha 323 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani aliyekamatwa kwa njia hiyo akashindwa kuieleza mahakama mali ile ilikotoka. Dereva asiye na karatasi anabebeshwa mzigo usiokuwa wake. Mzigo usitoke yadini bila stakabadhi inayoonyesha aina, kilo, ulikotoka na uendako.

Sasa yadi. Ushauri wangu ni usimamishe kununua hadi uwe na leseni. Najua maana yake: vijana wa mikokoteni wataenda kwa mwingine, na kodi ya kiwanja haingoji. Bado nakushauri hivyo, kwa sababu kila kilo unayonunua sasa, huku upelelezi ukiendelea, ni kosa jipya unaloongeza juu ya la zamani. Nenda kwa Baraza lenyewe au ofisi ya wizara, uulize orodha ya sasa ya mahitaji na ada ya daraja lako, na ulipe kwa njia rasmi ya serikali tu. Madalali wa leseni wapo, na karatasi zao nyingine ni za bandia. Wakati unangoja, tayarisha kitambulisho, cheti cha usajili wa biashara, PIN ya mamlaka ya kodi, KRA, na uthibitisho wa kulipa kodi, kibali cha kaunti, cheti cha tabia njema, na mkataba wa kiwanja. Eleza kazi yako ilivyo kwenye fomu: kama unakusanya, unahifadhi, unakata kwa gesi au unayeyusha. Mtu aliyejaza kwamba anakusanya tu, kisha akakutwa na tanuru nyuma ya yadi, amejishtaki mwenyewe.

Wafanyabiashara wengi huitazama leseni kama mwisho wa safari. Leseni ni ruhusa ya kusimama sokoni. Haikuhakikishii kilichomo kwenye gunia. Kinachokulinda siku hadi siku ni daftari, nalo liandikwe kabla pesa haijatoka mkononi. Andika tarehe na saa, jina kamili na namba ya kitambulisho kama kilivyo, simu, namba ya gari au maelezo ya mkokoteni, aina ya chuma, hali yake, kilo, bei, na maneno ya muuzaji kuhusu alikokipata. Hiyo safu ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. "Amesema ni mabati ya paa la nyumba ya mama yake Miritini, imebomolewa" ni maelezo yanayoweza kukaguliwa. "Mtaani" si maelezo. Piga picha ya mzigo ukiwa kwenye mzani, na kwa shaba, aluminiamu na betri piga picha kabla hujachanganya na nyingine.

Lipa kwa M-Pesa kila unapoweza. Jina linalotokea ukituma pesa lilingane na kitambulisho; lisipolingana, uliza kwa nini. Uingereza ilikuwa na balaa kama letu la kukatwa nyaya za reli na kung'olewa madini ya risasi yaliyoezekwa kwenye mapaa ya makanisa, na tangu Desemba 2012 wafanyabiashara wa skrapu wa England na Wales wamekatazwa kulipa taslimu. Sisi tumejaliwa simu mkononi mwa kila mtu, hata mwenye mkokoteni, na sioni sababu ya kungoja kulazimishwa. Lakini nakala za vitambulisho vya watu uzifungie kabatini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu nawe, na daftari lenye majina na namba za watu halipaswi kuwa juu ya mzani kila mpita njia akilisoma.

Watoto wasipime kwako. Mtoto anayeleta vyuma saa za shule ama anatumiwa na mtu mzima aliyejificha kona, ama ana njaa, na kwa vyovyote kumlipa ni kumwingiza katika kazi ambayo sheria za watoto zinaikataza.

Kuna mali usizoruhusu zivuke lango hata ukiambiwa bei ya kutupa, isipokuwa zimekuja na karatasi za mwenyewe: nyaya za aluminiamu zilizosukwa kuzunguka chuma katikati, ambazo ndizo za nguzo za umeme; koili za transfoma; nyaya za simu zenye nyuzi nyingi nyembamba za rangi; vyuma vya pembe vya minara; reli, mataruma ya chuma na klipu zake, ziwe za reli ya zamani au za reli mpya ya SGR; vizuizi na vibao vya barabara; vifuniko vya mashimo; mita za maji, ambazo nyingi zina shaba ya manjano ndani. Vitu hivi havina mwenyewe wa kawaida mtaani. Uharibifu wa vifaa vya umeme una makosa yake makali katika Sheria ya Nishati ya 2019, na anayekutwa navyo yadini hujikuta akijibu maswali ya wale waliovikata.

Hapa lazima nieleze mtego mmoja unaowanasa watu wema. Mlinzi wa shule au dereva wa idara anakuja na madawati mabovu, au mabomba ya zahanati, akisema "mkuu ameniruhusu". Mkuu hana ruhusa hiyo. Mali ya umma, hata iliyooza kwa kutu, huondolewa kwa utaratibu wa Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015: kuna kamati ya uondoaji, kisha zabuni, mnada au njia nyingine iliyotajwa. Anayenunua kihalali hupewa hati za zabuni au za mnada pamoja na stakabadhi ya malipo. Kampuni za umeme na reli nazo huuza mabaki yao kwa njia kama hizi, kwa hiyo waya halali wa nguzo upo, ila hautembei bila karatasi. Mwombe muuzaji hati hizo. Akikasirika, umeshapata jibu lako.

Magari nayo yana yake. Bodi au injini isiingie bila kitabu cha umiliki au nakala yake, na namba ya chesisi ilingane na kilichoandikwa. Gari linalovunjwa moja kwa moja liondolewe na mwenye nalo kwenye rejista ya NTSA, mamlaka inayosajili magari. Kukata gari lenye rejista hai kunamsumbua mwenyewe na wewe pia.

Betri nataka nizizungumzie polepole, kwa kuwa yadi yako iko Changamwe, na mtaa wa Owino Uhuru hauko mbali na mlango wako. Wakazi wa pale waliugua, watoto wakakutwa na madini ya risasi damuni, kwa sababu ya kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri za gari kandokando ya nyumba zao. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya mvutano wa rufaa Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo Desemba 2024. Betri kuukuu ni taka hatarishi. Ina risasi na ina asidi ya salfa. Kuipasua kwa shoka yadini ili kupata risasi, na kumwaga asidi kwenye mchanga, ni kosa la mazingira na ni kumtilia sumu mtu anayechota maji kisimani chini yako. Kama utaendelea kununua betri, zibaki nzima, zikae wima juu ya sakafu ya saruji chini ya paa, na zimfikie tu aliyepewa leseni na NEMA ya kushughulikia taka za aina hiyo. Usafirishaji wa taka nao unahitaji leseni ya NEMA, kwa hiyo muulize mwenye lori kabla hujampakia. Ikiwa huwezi kutimiza haya sasa, acha betri. Nusu ya biashara iliyo safi ni bora kwako kuliko hii nzima yenye kesi.

Mwisho wa yadi ni mzani. Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inataka mzani wa biashara ukaguliwe na kupigwa muhuri na afisa wa vipimo. Mzani usio na muhuri ni kosa hata kama unapima sawa, na vijana wa mikokoteni wana haki ya kuona muhuri huo.

Ukiniuliza ni lini uende kwa wakili ana kwa ana, nasema kesho asubuhi, usingoje wapelelezi. Maandishi yangu hayawezi kuona daftari lako la zamani wala kusoma hati ya mashtaka ikija. Beba kibali cha kaunti, stakabadhi zozote za mauzo ya ile shaba kwa mfanyabiashara mkubwa, taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu iliyopita, na picha ya mzigo uliobaki ukiwa pale ulipo. Hakikisha unayemwendea ana cheti cha mwaka huu cha kufanya kazi ya uwakili; Chama cha Mawakili cha Kenya kina orodha yao. Kama ada inakushinda, Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliundwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 kwa ajili ya watu wa hali yako, na Kituo cha Sheria kina ofisi Mombasa. Na yule mfanyabiashara mkubwa uliyemuuzia zile nyingine, usimpigie simu kupanga maneno. Mwache wakili aamue nani azungumze naye na lini.